Mzio wa Kouraichia

Dada yangu Kouraichia hakula kamba tangu utotoni. Akionja hata mchuzi uliopikiwa kamba, midomo ilimvimba, macho yakafumba, vipele vikamtoka shingoni mpaka tumboni. Mama yetu, Fatoumia, hakuliona jambo hilo kuwa ni ugonjwa. Aliliona kuwa ni cheo.

"Mwili wa huyu una bawabu," aliwaambia wageni, huku akimshika dada kidevu. "Kitu kibaya hakimwingii kimyakimya. Ninyi wengine mnameza kila kitu, siku mtakayoingiliwa hamtajua."

Mimi, Zaïtoun, ndiye niliyekuwa "ninyi wengine". Nilikula kamba wangu na wake, sikuvimba hata ukope, na kwa hiyo nilikua nikijiona nyumba isiyo na mlango. Nilimwonea wivu, sioni haya kusema. Mtoto gani hapendi kuwa na bawabu?

Sisi ni watu wa asili ya Ngazidja tuliozaliwa Nosy Be, kisiwa cha Madagaska, pale Ambondrona. Nyumbani tulisema Kikomoro, nje Kimalagasi, na Kiswahili cha babu kilibaki kwenye dua, biashara na mambo ya bahari. Lakini neno mzio tulikuwa nalo. Majirani zetu Wasakalava waliuita fady, na wao na sisi tulikubaliana kwamba mzio hauletwi na chakula bali na wazee. Mtu huurithi kama anavyorithi pua. Kwa hiyo mtu akivimba, kwetu huulizi anaumwa nini. Unauliza amevunja mwiko gani.

Hapo ndipo tulipopotea.

Uvimbe ulimtoka Kouraichia chini ya taya, mwaka wa tatu wa uhuru. Alikuwa mchumaji wa maua katika shamba la langilangi, mwanamke mwenye mikono myepesi na kicheko cha karibu, hana mume tena na hana mtoto. Mimi nilikuwa nimeshaolewa Mahajanga, mtaa wa Ampisikina, na salamu zilinifikia kwa watu wa meli: dada yako amevimba, mama anatafuta mzio wake. Nani angeshtuka? Kouraichia kuvimba ilikuwa kama mvua kunyesha masika.

Mama alitafuta kwa bidii kuliko hakimu. Aliondoa chakula kimoja, akangoja, akaupapasa uvimbe. Haukupungua. Akaondoa kingine. Alianza na pweza, akaja kwenye samaki wote, kisha mayai, maziwa, nazi, muhogo, mwisho maembe. Kilichoondolewa hakikurudishwa, maana alisema huenda mizio ni miwili na imeshikana mikono. Akamwachisha na langilangi pia, asije akawa amekosana na harufu ya maua.

Uvimbe haukuwasha. Hilo peke yake lingetosha kutuzindua, kwa sababu mzio wa Kouraichia siku zote uliwasha mpaka akajikuna damu. Huu ulikaa kimya, mgumu kama kokwa. Mama akasema ukimya huo ni dalili njema.

Dada akaanza kukonda, na kukonda nako kukapata jibu lake. Mtu anayekula wali mtupu kwa maji na chumvi atanenepea wapi? Ugonjwa ulimla mchana kweupe, na lawama ikaenda kwa wali. Husemwa mficha maradhi kilio humfichua. Sisi hatukuficha chochote. Tuliyaonyesha maradhi kwa kila aliyepita, ila tuliyaita kwa jina la mwingine.

Nilivuka kwenda Nosy Be kwa Maulidi. Nilipomwona dada ameketi mlangoni nilimsalimia kama mgeni, kisha nikamtambua kwa meno yake. Nilikasirika, nikamgeukia mama.

"Mama, huyu anakwenda hospitali Mahajanga. Nami."

"Hospitali watamchoma sindano," mama alisema. "Umesahau ile ya zahanati?"

Sikuwa nimesahau. Miaka ya nyuma walimchoma sindano ya jipu, naye akaanguka pale pale, koo limefunga, na mama ndiye aliyembeba mgongoni akilia kwa sauti njia nzima. Hofu yake haikuwa ya kijinga. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kuishinda.

"Wataalamu hao hawajui mizio yake," aliendelea. "Mimi ninayemjua nimebakiza kidogo tu. Nadhani ni chumvi."

"Mama," Kouraichia akasema. Hakuwa amesema neno tangu nilipofika. "Nina njaa."

Mama alimgeukia.

"Nitakwenda na Zaïtoun. Huko huenda wakaniruhusu kula."

Tulisafiri watatu, na mama alichukua sufuria yake na mchele wake, asimwamini mpishi wa meli. Njia nzima nilijiambia kwamba bado hatujachelewa. Nilishikilia neno hilo kwa meno.

Daktari aliyetupokea alikuwa Mmalagasi wa nyanda za juu, mtu mpole mwenye macho ya usingizi. Alimpapasa dada shingoni, akashuka kwapani, akakaa huko muda mrefu. Akauliza imeanza lini. Mama akamjibu kwa orodha ya vyakula, kimoja kimoja, na muda wa kila kimoja, kama mtoto anayesoma mbele ya mwalimu wake. Daktari aliandika neno moja tu, kisha akaiweka kalamu chini. Walimkata dada kinyama kidogo ili wakitazame, wakatuambia tungoje.

Majibu yalipotoka alinieleza mimi, kwa Kifaransa, kwa kuwa mimi nilikisikia na mama hakukijua. Ilikuwa saratani. Ilikuwa imeshuka mpaka mapafuni. Alisema kama angemwona mapema pengine angejaribu kitu, na aliposema hivyo alitazama dirishani, asimtazame mama.

Mama alikuwa ameusoma uso wangu. Alinishika mkono. "Muulize. Mwili uliomkataa kamba, kidudu kama kidole, umeshindwaje kulikataa jambo kubwa hivi?"

Niliuliza. Sikutaka, lakini niliuliza.

Daktari hakucheka, na kwa hilo nitamwombea dua mpaka nife. Alisema kamba ni kitu cha nje, na mwili wa dada hupigana na vya nje hata visivyo na hatia. Uvimbe huu ni nyama yake mwenyewe iliyoharibika, na mwili hauitambui kuwa ni adui. "Madaktari wenzetu wengine wanajiuliza kama wenye mizio wamelindwa zaidi na saratani," alisema. "Hawajapata jibu. Mimi pia sina."

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema bawabu hamzuii mtu wa nyumbani."

Mama aliketi sakafuni, pale pale ukumbini kwa watu, akavuta shiramani yake ya kujitanda mpaka usoni. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali tangu Nosy Be. Yote yalinikauka.

Daktari alituruhusu tumrudishe nyumbani tumpe anachokipenda. Basi kule Ampisikina, nyumbani kwangu, dada yangu akala. Mama alimpikia samaki wa nazi, mayai, muhogo wa maziwa, akamkatia maembe vipande vidogo. Kila sahani ilikuwa ombi la radhi, na wote tulilijua, wala hakuna aliyelitaja. Dada alikula vijiko vichache, akaisifu kila sahani, akalala.

Siku moja, kabla ya chakula cha mchana, alisema anataka kamba.

"Hilo hapana," mama alisema.

"Mama, kitu gani kitaniua ambacho hakijafika?"

Mume wangu Mouigni alifanya kazi kwenye kivuko cha Katsepy, na kamba wa huko walikuwa wabichi na wanono. Aliwaleta kwenye kikapu, akawaweka jikoni bila kusema kitu, akatoka. Mama aliwakaanga kwa vitunguu na kitunguu saumu. Kisha akaketi kando ya kitanda na bakuli la maji baridi na kitambaa, tayari kwa vita alivyovijua.

Dada akala mmoja. Tukangoja. Midomo yake ilibaki vilevile, myembamba, imekauka. Akala wa pili na wa tatu. Mama alimfungua kola akamtazama shingo, akampandisha mikono ya nguo, akapitisha kiganja tumboni. Hapakuwa na kipele hata kimoja.

"Umemtoka," mama alisema polepole. "Mzio umemtoka. Zaïtoun, tazama. Alhamdulillahi, mwanangu anapona."

Akaliacha bakuli, akatoka mbio kumwita jirani yetu Echata. Nilimsikia uani akieleza, sauti yake imekuwa ya ujana, sauti niliyoisikia zamani akijisifu kwa wageni.

Mimi nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimeelewa, na nilipomtazama dada niliona yeye ameelewa kabla yangu. Mwili wake haukuwa na nguvu tena ya kumkataa hata kamba. Bawabu alikuwa ameshaondoka.

"Usimwambie," Kouraichia alisema. "Mwache afurahi leo."

"Simwambii."

Alilala kidogo, macho yamefumba, na nilidhani amesinzia. Kisha akatabasamu kwa yale meno yake.

"Kumbe watamu hivi," akasema, "na miaka yote mkala peke yenu."

Nikaketi mahali pa mama, nikammenyea mwingine.