Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Kila asubuhi wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa akisaga majani mabichi ya letusi kutoka bustani yetu ya nyuma, kisha anagonga kijiko kwenye blenda na kuniita: "Kimya! Njoo unywe nyasi, upate sauti!"

Kimya ni mimi. Mama alinibandika jina hilo kwa sababu mgeni akiingia mlango wa mbele, mimi natokea wa nyuma.

Asubuhi ile kijiko hakikugonga. Kilianguka. Nilimkuta wifi ameshika ukingo wa sinki, shingo imekakamaa. Nilipomgusa bega alipiga kelele.

"Niache, wifi. Hata blauzi inaniunguza."

"Anadeka huyo," Mama alisema kutoka sebuleni. "Leo si zamu yake ya kufua?"

Lakini kichwa kilimuuma mpaka akatapika, na akawa hawezi kutazama dirisha. Mimi na Kaka tukampeleka hospitali. Daktari alimtoa maji ya uti wa mgongo yakapimwe, halafu akatuuliza anakula nini kibichi. Kaka akataja ile juisi.

"Kuna mnyoo anaishi kwenye mapafu ya panya," daktari alisema. "Watoto wake hutoka na kinyesi cha panya, konokono wakakila. Konokono wengine ni wadogo mno, wanajibanza kwenye mikunjo ya jani. Ukimsaga mmoja bila kumwona, umewanywa hao watoto wa mnyoo. Ndani ya mtu wanapotea njia. Wanapanda kwenye ubongo, wanafia huko, na utando wa ubongo unavimba."

"Tutaambukizwa?" Kaka aliuliza.

"Na yeye? Hapana. Kuleni naye, laleni naye. Wengi hupona, ila polepole."

Wifi alirudi nyumbani anatembea kwa kushika ukuta. Mama alishajiandaa. Kikombe cha wifi kilifungwa uzi mwekundu kwenye mshikio, sahani yake iliwekwa peke yake dirishani, na shuka zake zilikuwa zikichemka jikoni kama maharage.

"Ana minyoo kichwani," Mama alimwambia Kaka. "Jumamosi umrudishe kwao. Akipona tutaona."

Nilimtazama Kaka. Alikuwepo hospitali, alimsikia daktari kwa masikio yake.

"Labda akapumzike kidogo," alisema, akitazama viatu vyake.

Wifi alisikia kila kitu. Alianza kukunja nguo zake, taratibu, maana vitambaa bado vilimchoma vidole.

Jumamosi mchana begi lake lilikuwa mlangoni. Tulikaa mezani, yeye pembeni na kikombe chake. Mama alinawa kwa maji ya moto na sabuni kwa sababu alikuwa ameshika kitasa cha chumba cha wifi. Kisha akavuta bakuli la saladi: letusi ya bustani ileile, imepitishwa bombani mara moja.

Nikacheka. Wote walinigeukia.

"Kuna nini?" Mama aliuliza.

Nilichukua bakuli nikalimwaga lote kwenye pipa la taka. Sikuhangaika hata kumtafuta konokono.

"We mtoto! Umerukwa na akili?"

Nilichukua kikombe cha wifi, chai ikiwa nusu, nikainywa mpaka tone la mwisho. Halafu nikakata ule uzi kwa meno.

"Tema! Mwanangu, tema!"

"Kaka, mwambie daktari alisema nini."

Kaka alivuta sahani yake karibu. Basi nikaenda mlangoni, nikabeba begi nikalirudisha chumbani. Niliporudi, wifi alikuwa analia bila sauti, na mimi nikasema kitu kwa sauti ndogo kama kawaida yangu.

"Unasema nini?" Mama alifoka. "Sema tusikie!"

"Nasema wifi haendi popote!" Sauti yangu iligonga sufuria ukutani. "Kwao ni hapa. Anayeogopa minyoo apike majani yake, mtu amwache!"