Siku Cicily Alipomshika Mukiri Mkono

Watu wa huku Kibirichia wakikuambia kwamba Cicily ni mwongo, usipoteze pumzi yako kuwabishia. Mimi nimewabishia mpaka koo likanikauka. Nimelima naye, nimelia naye, na ninasema Cicily hajui kudanganya hata kwa faida yake mwenyewe. Hiyo ndiyo shida yake yote.

Mambo yalianza na baba mkwe wake, mzee Njura, aliyejiona mjanja kuliko vita. Vita vya msituni vilipofika kwetu, mzee aliwaita wanawe wawili: Runji, mume wa Cicily, na mdogo wake Muthamia. Mlango ukafungwa. Cicily alikuwa humo humo anakoroga uji, mtoto mgongoni. Mzee akawagawa wanawe kama mtu anavyogawa mbegu, nyingine bondeni, nyingine mlimani, ili mvua ikikosa huku inyeshe kule. Runji aende msituni na wapiganaji. Muthamia ajiunge na homugadi, wale walinzi waliobeba mikuki ya Mzungu. Upande wowote utakaoshinda, aliye upande huo amlindie mwenzake nusu ya shamba. Wakakubaliana, wakanywa uji. Wala si mzee Njura peke yake; nyumba nyingi za huku ziligawanywa hivyo, ingawa leo kila mtu atakuambia baba yake alikuwa msituni.

Runji aliuawa huko, na hakuna ajuaye alikolala. Mzee naye akafia katika kijiji cha handaki na miiba ambamo serikali iliwafungia watu. Kisha uhuru ukaja, tukacheza mpaka vumbi likapanda, na tulipopumzika tukamkuta Muthamia ni naibu wa chifu. Mimi mjinga nilidhani atakula aliyepigana. Kumbe anakula aliyebaki.

Walipokuja kupima ardhi, Muthamia aliandikisha shamba lote kuwa lake. Alisema baba yake alimpa yeye kwa sababu Runji alikuwa amepotea na wahalifu. Cicily akaenda kwa wazee wa ardhi na kuwaeleza habari ya siku ile ya uji. Wazee wakauliza nani mwingine alikuwepo. Waliokuwepo walikuwa wanne, wawili wamekufa, na hao wawili waliobaki kila mmoja anasema lake.

Maneno yakilingana uzito hivyo, mila yetu ina dawa yake, nayo ni nthenge. Analetwa dume la mbuzi, kila upande unashika jiwe na kumvunja mifupa ukisema, nikidanganya nivunjike hivi. Mwongo hakawii kufa, yeye au watu wa nyumba yake. Mwanamke hapigi nthenge, mwanawe humpigia. Mukiri, yule mtoto wa mgongoni, alikuwa ameshatahiriwa, kijana mwenye mabega. Alikuwa na haja na shamba hilo kuliko sisi sote, maana alimtaka msichana aitwaye Kiende, na baba wa msichana alikuwa amemwambia wazi kwamba hatamwoza binti yake mtu asiye na pa kupanda waru, viazi vyetu vya huku.

Mimi nilifurahi nikajua yamekwisha. Anayesema kweli ataogopa nini? Lakini Cicily alikuwa na neno lake. Zamani yeye na mumewe walikula kiapo cha msituni. Baadaye aliokoka, na siku Mukiri alipobatizwa aliahidi mbele ya Mungu kwamba nyumba yake haitaapa tena kwa damu. Mimi ni Mkatoliki, nikamwambia amwache kijana apige, watubu baadaye.

"Mungu hachezewi hivyo, Celina," akanijibu. "Mimi nikisema kitu, nimesema."

Siku ya nthenge aliwaomba wazee pande zote mbili ziape kwa Biblia. Mzee mmoja akacheka. "Biblia hata mwizi wa ng'ombe anashika kule kortini," akasema. "Leta kijana."

Muthamia alitangulia. Huyu naye alikuwa mzee wa kanisa, kanisa lile lile la Cicily. Akavua koti akamkabidhi mkewe, akashika jiwe, akapiga. Sauti yake haikutetemeka. Mbuzi alilia kilio ambacho sitaki kukisikia tena.

Kisha Mukiri akainua jiwe. Cicily akatoka kati yetu wanawake akamshika mkono.

"Mama, niwache!"

"Weka chini."

"Kwani hiyo shamba si yetu?"

"Ni yetu. Weka chini hiyo jiwe, Mukiri."

Kijana akaliachilia. Hata mimi niliye upande wake niliona jinsi jambo lile lilivyoonekana. Mzee aliyecheka sasa hakucheka. "Mama Mukiri," akasema kwa upole, "ukikataa, unataka sisi tuelewe nini?"

"Muelewe nimekataa kuapa. Sijakataa kusema hiyo shamba ni yetu."

"Kwa mila, hiyo ni kitu moja."

Basi. Cicily na mwanawe wakahamia kibanda kando ya barabara, mahali ambapo hata kuku hana pa kuchakura. Sisi tukakaa kumngoja Muthamia afe. Usinione mbaya, kijiji kizima kilikuwa kinangoja. Nikipeleka waru sokoni Gakoromone, wanawake wenzangu walinisalimu kwa kuniuliza kama bado yupo. Yupo! Mvua zikaja zikaenda, ng'ombe wake wakazaa, akajenga nyumba ya mawe. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Ya Muthamia haijafika mwisho mpaka leo, na juzi imemwagwa changarawe ya murram.

Kanisa lilikuwa limemtenga kwa ajili ya kile kiapo. Jumapili moja akasimama mbele akalia machozi. Alisema alishika jiwe la mila na anaomba msamaha. Alitubu kuapa, kudanganya hakukutaja, na hakuna aliyemuuliza. Wakaimba, wakamrudisha kwenye meza ya Bwana, na mchungaji akamwita Cicily awe wa kwanza kumsalimia shemeji yake. Akaenda akampa mkono. Nilipoyasikia nilimfuata kibandani kwake nikiwa nimewaka hasira.

"Ningefanya nini, Celina?" akasema. "Watu wote walikuwa wamesimama."

Tangu siku hiyo watu walipiga hesabu yao. Aliyepiga nthenge anaishi, na kanisa limemsafisha. Aliyekataa amebaki na kibanda. Sasa mwongo ni nani? Wale waliokuwa wakimletea Cicily maharagwe wakaacha. Kiende akaolewa Timau. Mukiri akawa kijana wa maneno machache.

Msimu uliopita Muthamia alitafuta vibarua wa kuchimba waru katika shamba lile lile, nasi tukaenda, maana njaa haina shemeji. Udongo mweusi wa pale ukiugusa unataka kulia. Cicily alikuwa mstari wa katikati, mimi kulia kwake, Mukiri kushoto. Tulichimba mpaka jua likapanda. Kijana akasimama, akaegemea jembe.

"Mama, nikuulize kitu, usikasirike."

"Uliza."

"Ile siku ulinishika mkono. Ilikuwa ni juu ya kanisa, ama uliogopa nitakufa?"

Cicily alikaa vile vile, amepiga magoti kwenye udongo, waru mkononi. Alimtazama mwanawe. Wazee walimwita mwongo akavumilia, kanisa likamfanya kiti cha kupumzikia Muthamia akavumilia, lakini hili sijui kama alikuwa amejiandaa nalo.

"Hata wewe?" akasema. "Hata wewe unataka nikuapie?"

Nilimwangalia Mukiri nikimwomba kimoyomoyo aseme hapana. Neno moja tu, hata kama ni la uongo. Kijana aliangalia chini, akakaza mikono kwenye mpini wa jembe, na hakusema hapana.