Hoja ya Bi Lua

Kati ya maswali yote ya mtihani wa uraia, lililomchekesha Doan Thi Lua ni lile la utawala wa sheria. Alikuwa jikoni anakatakata vitunguu vya majani kwa ajili ya supu, na binti yake Thao amekaa mezani, akisoma maswali kwenye simu.

"Haya mama. Utawala wa sheria maana yake nini?"

"Kila mtu lazima afuate sheria. Viongozi lazima waitii sheria. Serikali lazima iitii sheria. Hakuna aliye juu ya sheria." Aliyatoa yote kwa Kiingereza bila kuvuta pumzi, kisha akaangua kicheko hadi akakiweka kisu chini.

"Sasa unacheka nini?"

"Maneno matamu, mwanangu. Aliyeyaandika hajawahi kufungua kiwanda."

"Usije ukamwambia afisa hivyo!"

"Kwani mimi mjinga? Afisa anataka majibu, nitampa majibu."

Bi Lua alikuwa mtu wa kahawa. Kule nyumbani Vietnam alianza na kikaango kimoja uani kwa mama mkwe wake, akaishia na kiwanda, na alijua kwamba kila hatua ya biashara ina mlango wake, na kila mlango una mtu wa kukumbukwa sikukuu zinapofika. Hakuwachukia watu hao. Alijua hata watoto wao wanasoma wapi. Mumewe alipofariki na Thao akapata chuo Marekani, aliuza sehemu yake ya kiwanda, akauleta mtaji Ashby Falls, mji mdogo wa jimbo la Maine ambao kiwanda chake cha viatu kilikufa zamani. Katika jengo lile lile akafungua kiwanda cha kukaanga kahawa, akaajiri watu wa pale kama sheria ya wawekezaji inavyotaka, akapata kadi ya ukaazi. Miaka ikapita. Sasa ilibaki mtihani.

Na ilibaki barabara. Kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka, barabara ya kiwandani hugeuka uji, na mji huzuia malori mazito yasiichimbe zaidi. Buni za Bi Lua hukwama ghala la mbali, mitambo ikapoa. Alitaka barabara itiwe lami. Basi akafanya alivyozoea: alifunga kikapu kizuri, kahawa yake bora, chai, matunda makavu, na chini kabisa bahasha, akampelekea Elwin Sprague, mwenyekiti wa baraza la mji.

Sprague, mzee mrefu mwenye suruali ya kamba za mabegani, alikipekua kikapu pale pale mezani. Alipoigusa bahasha uso wake ukawa mwekundu.

"Bi Doan," alisema taratibu, akimwita kwa jina la ukoo, "kahawa tutakunywa hapa ofisini wote. Hii nyingine mimi sijaiona na wewe hukuileta. Tumeelewana?"

"Ni zawadi tu, mwenyekiti. Ya barabara."

"Barabara siyo yangu! Peleka hoja kwenye mkutano wa mji, mwezi wa tatu. Mimi mwenyewe nitakuunga mkono, maana barabara ile ni aibu. Lakini wanaoamua ni watu."

"Watu gani?"

"Watu," alisema Sprague, akapunga mkono kuelekea dirishani, ambako mwanamke mmoja alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari lake.

Bi Lua alirudi nyumbani akiamini kabisa kwamba bahasha ilikuwa nyembamba mno.

Mkutano ulifanyika Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa michezo wa shule. Watu waliingia na mabuti yao ya theluji, wengine wamebeba watoto, wengine wanafuma sweta. Mlangoni kila mpiga kura alipewa kadi ya njano. Bi Lua hakupewa. Alionyeshwa mabenchi ya pembeni, nyuma ya utepe, wanakokaa wasio na kura, akakaa na Thao.

Msimamizi wa mkutano alikuwa Hester Varney, dereva wa basi la shule. Alipofika kwenye hoja ya barabara alisema, "Bi Doan hapa si mpiga kura, ila anaomba kuzungumza. Kuna anayepinga?" Hakuna aliyepinga. Bi Lua akasimama, akaeleza habari ya matope na malori. Walimsikiliza hadi mwisho, kama vile alikuwa mtu wao. Akaketi.

Kisha akasimama Lucien Ouellette.

Bi Lua akatabasamu. Lucien alikuwa fundi wake mkuu, ndiye anayekaanga buni, ndiye anayelipwa vizuri kuliko wote.

"Huyu ni bosi wangu," Lucien alisema, "na ni mtu safi. Kahawa yake mnaijua. Lakini hoja hii naipinga. Daraja la pale kijitoni limeoza, na Hester anapitisha watoto wetu juu yake kila siku. Hela ni moja. Daraja kwanza, lami baadaye."

Damu ilimpanda Bi Lua kichwani. Alimshika Thao mkono. "Amekunywa?"

"Mama, nyamaza."

"Mbele za watu! Mimi nipo hapa, ananiona!"

Lucien kweli alikuwa anamwona. Alimwinamishia kichwa kidogo, kwa heshima, akaketi, akaendelea kutafuna peremende yake.

Sprague akainuka kuitetea barabara. Alizungumza vizuri, akazungumza sana, akaanza kurudia. Hester akagonga meza. "Elwin, muda wako umekwisha."

"Namalizia tu, Hester, kuna jambo la..."

"Umekwisha, nimesema. Keti."

Bi Lua alimtazama mwenyekiti wa baraza, mwenye funguo za ofisi na muhuri wa mji, akamtazama na yule dereva wa basi, akangoja kitakachotokea.

Sprague akaketi.

Bi Lua akasogea ukingoni mwa benchi. Kadi za njano zikanyanyuliwa, chache mno kwa hoja yake, kisha nyingi dhidi yake. Mikono ya wakulima, ya mwalimu, ya kijana wa kituo cha mafuta, na kila mkono ulihesabiwa sawa na mwingine. Hoja ikaanguka. Alimtafuta Sprague kwa macho, aone uso wa mkubwa aliyeshindwa hadharani. Mzee alikuwa tayari kwenye foleni ya chakula cha mchana pale ukumbini, ameshika sahani ya karatasi, nyuma ya Lucien.

"Umenipiga leo," Sprague alisema.

"Mwakani utanipiga wewe. Chukua maharage, yamebaki kidogo."

Wakacheka. Hakuna aliyeitwa pembeni, hakuna aliyenong'ona. Bi Lua alisimama na sahani yake tupu katikati ya kelele na harufu ya maharage, machozi yanamlenga, na asingeweza kusema ni ya nini. Hasira ilikuwa imemtoka bila yeye kujua. Kilichobaki ni kitu kama kile alichokihisi utotoni, siku aliyopandishwa mlimani akaona kwa mara ya kwanza nchi ilivyo pana.

Jumatatu Lucien alifika kazini kama kawaida, akawasha mtambo. Bi Lua akamsogelea.

"Hukuogopa kwamba ningekufukuza?"

Lucien alimgeukia, ameshangaa kweli. "Kwa ajili ya daraja?"

"Kwa ajili ya kunipinga."

"Bosi, ulitaka ninyanyue kadi ya uongo?" Akakung'uta mikono. "Mwakani ilete tena. Daraja likishatengenezwa, mimi mwenyewe nitaisemea."

Tangu siku hiyo Bi Lua hakusoma tena kama anayekariri. Alimchosha Thao. Kila jibu alilitaka na sababu yake: Bunge likimkatalia rais, rais anafanya nini? Na majaji nani anawasikiliza? Thao, aliyekuwa na shahada, alikiri mara kadhaa kwamba hajui, wakatafuta pamoja huku supu ikipoa.

Siku ya mtihani ilikuwa mwezi wa tano. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, sauti yake imechoka kwa kuuliza yale yale. Bi Lua alijibu yote. Afisa alipouliza haki moja ambayo ni ya raia peke yake, akajibu, "Kupiga kura," na hapo ilitosha, alikuwa amefaulu. Lakini hakunyamaza. Kiingereza chake kikaanza kupinda huku akisimulia ukumbi wa shule, kadi za njano, fundi wake na daraja lililooza, mwenyekiti wa baraza na dereva wa basi.

Afisa aliweka kalamu chini.

"Mimi nimezaliwa nchi hii hii," alisema, "na mkutano wa namna hiyo sijawahi kukanyaga. Yule dereva alimwambia aketi? Mwenyekiti?"

"Alimwambia keti."

"Halafu?"

"Akaketi," alisema Bi Lua, na machozi yakamlenga tena kama siku ile.