Mara Ishirini na Tano kwa Sekunde

Usiku wa jana niliota nimeajiriwa ndani ya chipu. Kazi yenyewe nilijipa mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Nianze na mambo ya mchana. Dada yangu Atuganile ana mashine ya kusaga mahindi kule Tukuyu. Wiki nzima alikuwa akinipigia simu kwamba inanguruma vibaya, na yeye husimama ubavuni mwake kutwa akimimina mahindi. Nikaenda kumfungia kifaa changu: kihisi cha mtikisiko, chipu ya kukisoma na taa nyekundu ya kuonya. Mota inazunguka mara ishirini na tano kwa sekunde, nami nikaiamuru chipu isome mara ishirini na tano kwa sekunde, kwa sababu napenda namba zilingane. Mashine ilipowashwa, mstari wa mtikisiko kwenye skrini ya kompyuta yangu ulinyooka kabisa. Nikamwambia dada, "Mashine nzima hii, kesho saga." Nikarudi Mbeya, nikaoga, nikalala kwa raha zangu.

Ndotoni nimekaa kwenye chumba chenye dirisha moja. Ukutani kuna Saa isiyo na mishale. Imejifunga kitenge.

"Kengele ikilia, fungua dirisha, tazama, andika, funga," inaniambia. "Kabla ya kengele hakuna kitu. Baada ya kengele hakuna kitu."

"Hakuna kitu wapi?"

"Duniani."

Kengele inalia. Nafungua. Dada yuko nje, ameketi juu ya debe, mikono mapajani, unga kwenye nyusi. Naandika 512, ambayo ni katikati kabisa ya kipimo changu, maana yake hakuna kinachotikisika. Nafunga.

Nyuma ya dirisha nasikia vishindo. Kitu kizito kinaburutwa. Mtu anakimbia.

Kengele. Nafungua upesi. Dada ameketi juu ya debe, mikono mapajani. Naandika 512. Nafunga, na vishindo vinaanza tena pale pale vilipoishia.

"Habari za kazi," anasema mtu. Ni 512, ametoka kwenye daftari akiwa na suti ya Kaunda na kalamu mfukoni. "Mimi ni yule yule wa mwanzo."

"Umekuja mara ngapi?"

"Mara elfu tatu. Hukushangaa hata mara moja."

Chumba kimekuwa darasa letu la shule ya msingi. Dirisha ni lile lile. Mimi nimevaa kaptula, na Saa inaandika jina langu ubaoni chini ya "Wanaowahi". Naona aibu kusema, lakini nilifurahi.

Ndipo nikasikia sauti ya dada nje ya dirisha lililofungwa. "Mdogo wangu, mbona unafunga kila nikitaka kusema?"

"Lakini nakuona umekaa, dada. Umetulia."

"Nimekaa saa ngapi mimi? Pale kwenye debe napita tu. Kila unapofungua ndipo ninapopita." Alikuwa akihema. "Beringi imekwisha. Nimeikumbatia hii mashine isipasuke. Chelewa kidogo, utaona."

Niliogopa sana. Maishani mwangu sijawahi kuchelewa popote, hata kwenye misiba ya watu nisiowajua. Nikaiomba Saa ruhusa.

"Kuchelewa ni kosa," ikasema.

"Dada yangu yuko huko nje."

"Huko nje hakuna kitu. Hujapigiwa kengele."

Kengele inalia. Badala ya kufungua, nakohoa kwanza. Nafungua. Debe halina mtu. Dada yuko katikati ya uwanja, mguu mmoja hewani, mdomo wazi. Naandika 731.

Kengele. Nakohoa zaidi. Nafungua. Dada amelala kifudifudi juu ya mashine, ameikumbatia, na miguu yake inaning'inia. Parafujo zinatoka moja moja na kuaga kwa adabu. Ni 988.

"Basi mimi hapa sina kazi tena," anasema 512, na anaanza kufunga vifungo vya suti yake.

Namwita dada. Unga unaingia kwa dirisha na kunijaa mdomoni, na kinachotoka ni kikohozi tu.

Nikaamka. Kumekucha, saa moja kasoro dakika tano, na dada hufungua saa moja kamili. Simu iliita hadi nikaanza kuongea nayo.

"Shikamoo dada. Usiwashe."

"Marahaba. Ndiyo nimeshika swichi hivi, na watu wanne wanasubiri na madebe yao. Kuna nini? Jana si ulisema mashine nzima?"

"Nilikosea. Chipu inatazama mara moja kila mzunguko, tena pale pale kila mara. Hata mashine ingerukaruka, yenyewe ingeona imetulia. Ni kosa langu, dada."

Tangu nipate cheti cha ufundi hajawahi kunisikia nikisema maneno hayo.

"Ngoja niivue mota mkanda," akasema, "niizungushe kwa mkono."

Nikasikia anaweka simu chini, kisha chuma kikigonga chuma. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Inacheza, mdogo wangu. Kama jino bovu. Na mimi ningekuwa nimesimama hapa hapa."

Nilitaka kumwambia pole, nikapaliwa. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka.

"Unaumwa?"

Nikatazama kiganja nilichokoholea. "Hapana. Ni unga tu."

"Unga wa wapi?" akauliza dada. "Mashine sijaiwasha."