Maji Mekundu ya Don Epigmenio

Epigmenio Salado alikuwa mkulima wa jamaika, kama baba yake na kama sisi sote wa Cerro Pardo. Jamaika ndilo jina letu la rozela, lile ua jekundu lenye uchachu. Vilima vyetu hapa nyuma ya pwani ya jimbo la Guerrero havikubali sana zao jingine zaidi ya hilo na mahindi. Tunaliuza likiwa kavu, na linalobaki tunalichemsha, tunalipoza, tunakunywa na chakula cha mchana. Hakuna nyumba isiyo na mtungi wa maji hayo mekundu, na hakuna aliyewahi kuyafikiria kuwa ni dawa wala sumu, mpaka Epigmenio alipopimwa presha.

Aliyempima ni Daktari Yadira, binti aliyeletwa zahanati yetu kutumikia mwaka wake wa mwisho wa masomo. Alipoona namba alidhani mashine imeharibika, akampima tena mkono wa pili. Kisha akampa vidonge na kumwambia kwamba hivyo ni vya maisha, si vya homa. Epigmenio alivimeza kwa utiifu, na kabla mwezi haujaisha akashikwa na kikohozi kikavu ambacho hakikumwacha mchana wala usiku. Mkewe, Odilia, alihamishia mkeka wake jikoni ili apate usingizi.

Epigmenio akarudi zahanati kulalamika, na huko akauliza kama jamaika haiwezi kuifanya kazi ile ya vidonge. Odilia alikuwepo, na ndiye aliyetusimulia. Daktari hakumficha kitu. Alimwambia kwamba maji ya jamaika yasiyo na sukari huteremsha presha kidogo kwa watu wengine, na glasi moja kwa siku haina ubaya. Lakini presha yake yeye ilikuwa kubwa kuliko nguvu ya ua. Asiyachemshe yakawa mazito akayanywa juu ya vidonge, maana hapo presha ingeweza kuporomoka. Tena figo zake zilikuwa zimeanza kuchoka, kwa hiyo asijitibu kwa kitu chochote bila kupimwa. Kuhusu kikohozi, zipo dawa za aina nyingine zisizokohoza, angemwagizia.

Epigmenio alitoka pale na nusu ya kwanza ya maneno hayo, nusu ya pili akaiacha mlangoni.

Jioni ile ile alimwambia mkewe achemshe jamaika nzito, isiyo na sukari, mtungi mzima.

"Daktari amesema glasi moja," Odilia alimkumbusha.

"Daktari hajalima jamaika hata mche mmoja."

"Na wewe hujasoma udaktari hata ukurasa mmoja."

"Chemsha, mama Abundio. Ni maua haya haya uliyonilisha tangu tuoane."

Basi akawa anakunywa mtungi ule na vidonge juu yake. Haukupita muda, asubuhi moja akipalilia, dunia ikamwingia giza. Mwanawe Abundio alimkuta ameketi kwenye tuta, jasho linamtiririka, hajui jembe lake liko wapi. Walipomfikisha zahanati, presha ilikuwa imeshuka mno. Daktari Yadira alimweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba vitu viwili vinavyoteremsha vilikuwa vimekutana ndani ya mwili mmoja. Ashike dawa, apunguze maji.

Epigmenio aliona kinyume. Jamaika alikuwa ameinywa maisha yake yote na haikuwahi kumwangusha. Kilichokuwa kigeni mwilini ni kidonge. Alivimwaga vidonge vyake chooni, na hata vile vipya alivyoagiziwa hakwenda kuvichukua. Odilia aligomba, kisha akanyamaza, kwa sababu kikohozi kilikoma na yeye akarudi kulala kitandani pake.

Kilichotuponza sote ni kwamba, alipopimwa tena, presha haikuwa mbaya sana. Ilikuwa juu, lakini si ya kutisha. Daktari hakufurahi. Alisema mtu huweza kupata siku nzuri, kwamba Epigmenio alikuwa amepungua mwili, kwamba aje kila wiki wamwangalie. Yeye alisikia jambo moja tu: amepona kwa ua la shambani kwake.

Akalitangaza. Alilisema kwenye kinu cha kusaga mahindi, alilisema kwenye mapigano ya majogoo ya Jumapili, alilisema nje ya kanisa watu wakingoja misa. Watu wakaanza kuja kwake hata kutoka vijiji vya ng'ambo ya mto, wenye presha, wenye sukari, wenye miguu iliyovimba. Aliwaketisha barazani, akawapimia maua kwa kiganja, akawaeleza yachemke kwa muda gani. Hakuwatoza chochote. Lazima niseme alikuwa na furaha ambayo hatukuwahi kumwona nayo. Alikuwa mtu ambaye kwenye mikutano ya kijiji akisema, wengine waliendelea kuongea. Sasa watu wazima walimnyamazia wakimsikiliza. Odilia aliniambia baadaye kwamba aliiona hatari, ila hakupata moyo wa kumpokonya mumewe kitu hicho.

Mwaka wa Daktari Yadira ukaisha, akaondoka. Mwingine hakuja. Wakati ule barabara ilikuwa mikononi mwa watu wenye bunduki, na hakuna mzazi aliyekubali binti au mwanawe aletwe huku. Zahanati ilifungwa kwa mnyororo. Mashine ya presha ilibaki ndani. Epigmenio hakusikitika; alisema asiye mgonjwa hapimwi.

Mavuno yalipoanza akawa anaamka na maumivu ya kichwa, kisogoni. Odilia alimwomba waende mjini. Akajibu kwamba maua hayangoji, wangekwenda yakishakauka.

Siku yenyewe tulikuwa uani kwake, majirani wengi, tunapambua maua kutoka kwenye mbegu zake. Ni kazi ya kuketi, vidole vinachomwa na vijiti, midomo inafanya kazi kuliko mikono. Epigmenio alikuwa akitusimulia kisa cha padri aliyepanda punda wa mtu mwingine. Alikisimulia vizuri siku zote. Alipofika pale padri anapoanza kubishana na punda, maneno yakamgeuka, yakawa mlio mzito usio na maana, na sisi tukacheka. Tulidhani anaigiza punda. Tulicheka mpaka wengine wakajifuta machozi, na yeye akitutazama kwa macho ya mtu anayeomba. Odilia peke yake ndiye hakucheka. Aliinuka, na kabla hajamfikia, mumewe akaanguka ubavu juu ya lundo la maua.

Barabara ilituchukua siku nzima, kwa sababu ya vizuizi. Hospitali ya mjini walisema mshipa umepasuka kichwani, na kwamba figo nazo ziko mbioni kufa. Odilia alimuuliza daktari wa huko, mwanamume mtu mzima mwenye uchovu usoni, kama ni ua ndilo lililomfanyia hivi.

"Hapana, mama. Ua halikumpasua. Kilichompasua ni presha iliyokaa bila dawa. Ua lilimfariji tu."

Odilia alisema angeambiwa ni sumu ingekuwa nafuu. Sumu mtu huichukia, akaimwaga, akapumua. Hii hakujua aifanye nini.

Walimrudisha nyumbani upande wa kulia ukiwa umekufa. Hakuweza kumeza maji mepesi bila kupaliwa, kwa hiyo Odilia alimkorogea kila kitu na unga wa mahindi, akamlisha kwa kijiko. Na katika maneno yote aliyokuwa nayo, lilikuwa limembakia moja. Ukimuuliza kama ana njaa, atakuambia, "Sawa." Ukimuuliza kama anaumwa, "Sawa." Alilisema hata alipokuwa akilia. Daktari alikuwa ameeleza kwamba hutokea hivyo, neno moja hunasa na mengine yote hupotea, na kwamba asitegemee yarudi.

Watu hawakuacha kuja. Sifa ilikuwa imeshatembea na hakuna aliyeweza kuifuata na kuirudisha. Odilia aliwaambia ukweli mlangoni, wengine wakageuka kwa aibu. Lakini alikuja mwanamke mmoja kutoka ng'ambo ya mto, Tomasa Bracamontes, mjane, presha yake ikiwa ya miaka mingi. Nilikuwepo, nilikuwa nimekuja kumsaidia Odilia kumgeuza mgonjwa. Tomasa alikuwa amechoshwa na vidonge. Vilimtia kizunguzungu, tena kuvifuata mjini kulimaanisha kupita kwenye vizuizi, na kwenye kizuizi kimoja kijana mwenye bunduki alikuwa amemshika mkono. Hakutaka kupita pale tena.

Odilia alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamshika bega, akamwingiza ndani, akamsimamisha mbele ya kitanda.

"Huyu hapa ndiye aliyepona kwa jamaika. Mtazame. Endelea na vidonge vyako, dada yangu, hata kama unavichukia."

Tomasa alimtazama kwa huruma, lakini si huruma ya mtu aliyeelewa.

"Huyu kapatwa na kijicho, doña Odilia. Watu hawapendi kumwona mwenzao amepona. Huko kwetu kila mtu anasema hivyo."

"Ni presha."

"Niache nimuulize mwenyewe."

Akainama, akamsogelea Epigmenio sikioni, akamuuliza kwa sauti ya kanisani kama ni kweli ua lilikuwa limemponya kabla watu hawajamfanyia ubaya. Epigmenio alimtazama muda mrefu. Nilimwona akisaka neno. Mishipa ya shingo ilimsimama, mdomo ukapinda upande mmoja, mkono uliobaki mzima ukapigapiga shuka, na mimi mpaka leo naamini alitaka kusema hapana.

"Sawa," akasema.

Odilia akaeleza haraka kwamba hilo ndilo neno lake pekee, kwamba hata akiulizwa kama yeye ni punda atajibu hivyo. Akamuuliza mbele yetu, "Epigmenio, wewe ni punda?" Akajibu sawa, na machozi yakamtoka. Tomasa alijifunika uso kwa shali. Alisema si vizuri kumdhihaki mgonjwa. Akatoka, na kwa kuwa ilikuwa msimu, hakuhitaji kuomba maua kwetu; yalikuwa yameanikwa katika kila uwanja wa nyumba alioupita.

Tomasa alifariki kabla ya Kwaresima. Odilia alimwacha mgonjwa mikononi mwa Abundio, tukavuka mto pamoja kwenda matangani. Binti wa marehemu alitupokea vizuri, akatupa viti karibu na mishumaa, akamweleza Odilia kwamba mama yake alikuwa amefuata ushauri wa don Epigmenio mwenyewe, kwamba alilala vizuri tangu alipoacha vidonge, na kwamba walau siku zake za mwisho hazikuwa na kizunguzungu. Alimshukuru. Nilimwona Odilia akifungua mdomo. Nadhani alikuwa nayo yote tayari, maneno ya Daktari Yadira, maneno ya yule wa mjini. Lakini ukimwambia yatima ukweli huo mbele ya jeneza, umemwambia kwamba mama yake alijiua. Odilia akauliza kama wameshapata wa kuongoza sala.

Tuliondoka jua likiwa bado juu, kwa sababu Epigmenio alipaswa kugeuzwa, na Abundio hakuwa na mkono mzuri kwa vidonda vya mgongoni. Penye kivuko tuliwakuta wanawake wawili wakipanda ukingo, wakitoka upande wetu na mafurushi mekundu ya jamaika kichwani. Walitusalimu, mmoja akamuuliza Odilia mgonjwa anaendeleaje. Odilia alisema hajambo, akavua viatu, akaingia majini kuvuka.