Nyundo ya Mheshimiwa

Tangu asubuhi Sista Wayua alikuwa amewatoa kina mama wote katika wodi ya wazazi ya hospitali yao pale Thika, kwa sababu jengo kuukuu la ghorofa saba lililopakana na wodi lilikuwa libomolewe siku hiyo. Sasa jua lilikuwa la utosini. Watoto wachanga walilia chini ya turubai, na hakuna tofali lililoguswa, maana mgeni wa heshima alikuwa hajafika kupiga nyundo ya kwanza.

"Si muanze tu?" Wayua alimfokea Mulei, msimamizi wa ubomoaji.

"Sista, unataka nifutwe kazi?"

Wayua akasonya. Wodi hiyo hiyo ilipokwisha kujengwa, wajawazito walizalia nje ya mlango mpya, mheshimiwa mwingine akingojwa aje kukata utepe.

Hatimaye gari likaingia. Mheshimiwa akapewa nyundo, akaiendea nguzo ya chini iliyojaa nyufa, penye wapiga picha. Mulei akainamia viatu vyake.

"Ngai! Hiyo ndiyo imebeba nyumba yote!" Wayua akapaza sauti. "Ghorofa huvunjwa kutoka juu, mheshimiwa. Ngazi ni hii hapa."

Mheshimiwa akaitazama ngazi, akapapasa kitambi. "Basi, mama, nimeshafungua rasmi," akasema, akampa Mulei nyundo, akaenda zake kunywa chai. Na watu wakampigia makofi!

"Wewe nawe unangoja nini?" Wayua akamgeukia Mulei. "Panda! Hawa watoto wakae nje mpaka wabatizwe?"