Koti la Ilarie

Mkwe wangu Mirabela hapendi vitu. Ameniambia mwenyewe kwamba vitu vinamziba pumzi. Kwa hiyo kila mwaka, majani ya mjozi, ule mti wa uani, yakianza kupukutika, yeye na mwanangu Liviu hutoka mjini Craiova kuja kuniokoa na makorokoro yangu kabla ya baridi. Mume wangu alipokuwa hai alikuwa akiwafokea, nao wakirudi na mifuko nusu tupu. Mwaka jana hawakuja kwa sababu ya msiba, na safari hii hapakuwa na wa kufoka.

“Mama, tunagawa mafungu matatu,” Mirabela aliniambia. “La kubaki, la kutoa, la kuchoma.”

“Na mimi umeniweka lipi?”

Liviu alicheka. Mirabela alikuwa ameshaanza kutikisa mablanketi.

Nilikuwa na plamu za kuchuma kwa ajili ya kisomo cha kutimiza mwaka cha mume wangu, tulichokisogeza mpaka Jumamosi ile baada ya mavuno. Nikachukua ndoo. “Choma mtakacho,” nikasema, “lakini kasha la chumbani msiliguse.”

“Sawa, mama,” akajibu Liviu, macho kwenye simu.

Ndani ya kasha kulikuwa na koti. Mume wangu Ilarie alikufa Agosti ya mwaka jana, joto la kumtoa mtu ulimi, tukamzika na suti yake nyembamba. Nani afikirie baridi siku kama ile? Theluji ilipoanguka nikamwota. Alisimama karibu na jiko langu, mikono kwapani. Nikaota tena na tena, mpaka nikauza ndama nikanunua koti zito la sufu, nikalikunja na majani ya mjozi ya kufukuza nondo. Kwetu nguo haimfikii marehemu hivi hivi. Lazima mtu aliye hai aipokee mkononi pamoja na mshumaa, jina la marehemu litajwe, naye aitikie, “Mungu apokee,” aivae. Pantelie, jirani yetu, alishakubali. Ana mabega ya Ilarie. Hao wawili walikuwa wakiazimana nguo tangu jeshini.

Niliporudi na plamu zangu, moto ulikuwa unawaka uani na kasha liko wazi, tupu ndani.

“Koti liko wapi?”

“Koti gani?” Mirabela akauliza.

“La sufu. Jeusi.”

“Lile la kiume? Mama, baba hayupo. Nani angelivaa?”

“Yeye.”

Wakatazamana, yale macho ya watu wanaotaka kutaja daktari.

“Nimelipeleka kwa gari kwenye lile pipa la nguo za msaada, njia panda,” Mirabela akasema, taratibu kama anaongea na mtoto. “Atalipata maskini. Si sadaka hiyo hiyo?”

“Kalipokea nani? Umemtaja nani?”

“Mama, ni pipa.”

“Liviu, nenda ukalitoe.”

“Halitoki, mama. Lile pipa lina mdomo wa chuma, ukitia kitu kimekwenda. Nitakununulia jingine Krismasi.”

Krismasi! Kisomo ni Jumamosi, na baada yake mwaka wa kumtolea unafungwa. Nilikuwa na hasira. Sikulia, wasije wakapata la kusema.

Liviu alikuwa ametoka jasho kwa ule moto, akatundika koti lake kwenye uzio. Koti nene, zuri, la mjini. Nikatoa funguo na simu mifukoni nikaviweka juu ya kifuniko cha kisima, maana mimi si mwizi. Nikachukua mshumaa jikoni, nikapita mlango wa uzio. Pantelie alikuwa uani kwake anachoma pilipili hoho zake.

Nikawasha mshumaa. “Pokea, Pantelie. La Ilarie hili, limfikie.”

Akalitazama koti, akanitazama mimi. “Shemeji, si tulisema Jumamosi?”

“Hiyo Jumamosi watakuwa wameshaichoma na yenyewe.”

Pantelie akafuta mikono, akalivaa, akafunga mpaka juu. Lilimkaa sawasawa. Akashika mshumaa, akasema, “Mungu apokee. Ilarie asione baridi.” Nikasikia mabega yangu yanalegea, kwa mara ya kwanza tangu theluji ile.

“Mama! Umeliona koti langu?” Liviu aliita kutoka uani kwangu.

“Nimeliweka fungu la kutoa.”

Akaja hadi kwenye uzio, akaona. Laiti angetukana. Alikuwa na adabu zake zote. “Mzee Pantelie, samahani sana. Mama siku hizi...” Akazungusha kidole karibu na sikio.

“Mama yako hana kasoro,” Pantelie akasema. “Mwanangu, nimeshaitikia. Likitoka sasa, anayevuliwa si mimi.”

“Mzee, nimelinunua juzi tu.”

“Liviu,” nikasema, “huyo ni baba yako.”

“Mama, basi! Unatuaibisha.” Akanyoosha mkono, akashika kola.

Pantelie hakungoja kuvutwa. Akafungua vifungo mwenyewe, mshumaa ukamwanguka ukazimika kwenye majani. Akabaki na shati, ameweka mikono kwapani. Nikageuza uso.

Walimaliza kabla jua halijatua. Mirabela alinibusu mashavu yote mawili. “Unaona, mama? Sasa unaweza kupumua.” Ni kweli, nyumba ilikuwa safi. Sauti zetu zilikuwa zinarudi kutoka ukutani.

Liviu aliwasha gari, akashusha kioo. “Kumeanza kupoa,” akasema, akipandisha zipu mpaka kidevuni. “Washa jiko mapema mwaka huu, mama. Usikae na baridi.”

“Nikifa, nizike na koti mwilini,” nikamwambia. “Hata iwe Agosti. Sina wa kuniletea.”